Jina Nililompa Kulwa Kwenye Kompyuta

Tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, duara liliporomoka karibu na Segese, nikampoteza pacha wangu, Kulwa. Mimi ni Doto. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Walitolewa wawili, yeye hakupatikana. Haya ninayokueleza yalitokea, na sina faida yoyote nikikudanganya.

Mama alikataa msiba. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona. Labda alitoka mapema, labda yuko Geita anachimba kwingine. Neno marehemu likapigwa marufuku nyumbani. Tukakaa hivyo miezi minne, hatulii, hatucheki.

Kulwa aliacha kompyuta, na neno lake la siri hatukulijua. Mimi ni katibu wa jumuiya kanisani, nikaihitaji kwa kuandikia, ila sikutaka vya kwake vifutwe. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Ngokolo, Shinyanga mjini. Akasema inawezekana: ataigawa diski, upande wa zamani ubaki na mfumo wake kama ulivyo, upande wa pili aniwekee mfumo mpya. Kila nikiwasha yatatokea majina mawili, nichague pa kuingia. Aandike majina gani? Nikasema, huku kwangu andika Doto. Na kule? Nikamwambia, andika Marehemu.

Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka neno hilo likae mahali fulani, hata kama ni ndani ya mashine.

Nilipoifuata siku ya tatu, mchana kweupe, fundi aliiwasha mbele yangu. Doto. Kulwa. Nikauliza Marehemu imeenda wapi. Akacheka.

"Kaka, si ulikuja mwenyewe jana ukaniambia nilifute?"

Jana yake nilikuwa shambani kutwa nzima, nachuma pamba na mama. Nikamwambia hivyo. Sikuwa nimemwambia kwamba nina pacha.

"Ulikaa kwenye kiti hicho hicho," akasema. "Ukaniuliza, mbona mnaniita hivyo na hamjanizika? Nikadhani ni utani wenu Wasukuma."

Kisha, kwa madai ya fundi, mimi huyo wa jana nikaingia upande ule kwa neno la siri nililoliandika mwenyewe, nikatazama picha za mama mmoja mtu mzima, nikazima, nikaondoka. Nilichukua kompyuta yangu nikaenda stendi.

Kompyuta ninaitumia mpaka leo. Upande wa Kulwa sijaugusa, na nikiwasha huwa natazama pembeni mpaka majina yale yapite. Nawe nakuomba, usimwandike mtu wako kuwa ni marehemu kabla hujakaa chini ukamlilia.

Siku ile nilipofika nyumbani nilimweleza mama kila kitu, pamoja na neno nililoandika. Nilitegemea anigombeze. Yeye akasema:

"Mpigie huyo fundi, baba. Muulize kama huyo aliyekuja jana alivaa viatu."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu ili naye asikie. Fundi alishangaa swali lenyewe.

"Ulikuwa peku bwana, na tope mpaka magotini. Nilipiga deki ulipoondoka."

Kulwa hakuwahi kushuka duarani na viatu. Alikuwa anaviacha juu, mlangoni, anavivaa akishatoka.

Mama alifunga kanga kiunoni, akaketi chini pale uani, akamlilia mwanawe kwa jina.