Belle-mère ni Mama Mukwe

Ukitaka kumuudhi Kulthumu, fundi cherehani wa Ruashi, piga porojo wakati tamthilia inaendelea. Atakufukuza, uwe mteja usiwe mteja. Saa kumi jioni cherehani yake inanyamaza, majirani wanajaa sebuleni, naye anawatafsiria Kifaransa cha televisheni huku machozi yanamtoka. Siku moja alishona mkono wa gauni nyuma mbele kwa uchungu wa msichana wa tamthilia aliyenyimwa chakula. Mwenye gauni alikuwa akilia pembeni yake, wala hakuona.

Aliyemnyima chakula aliitwa "belle-mère". Sasa neno hilo la Kifaransa lina sura mbili: mama mkwe, na mama wa kambo. Yule alikuwa mama wa kambo, hilo halina ubishi. Kulthumu akatafsiri "mama mukwe". Kila siku, bila haya!

Alikuwa na sababu yake. Imani, binti anayekaa mkekani karibu naye, hakumzaa. Alimkuta kwa mumewe Idrissa, mtoto ana miaka mitatu, mama yake amefariki. Mtaa mzima ukamwimbia: mama wa kambo si mama. Kulthumu akaapa neno hilo halitavuka mlango wake, hata kwa mdomo wa televisheni. Aliogopa, jamani! Aliogopa mtoto asije akamtazama kwa jicho la yule msichana wa tamthilia.

Basi Jumanne akaja Emmanuella, jirani mpya, mwenye Kifaransa chake cha ofisini mjini. Dakika kumi tu, uvumilivu ukamwisha.

"Lakini mama, huyu mutoto hajaolewa. Mama mukwe atatoka wapi? Hapa belle-mère ni mama wa kambo!"

Kulthumu akakaza shingo.

"Mu nyumba yangu ni mama mukwe. Mwenye hapendi, mulango iko wazi."

Emmanuella akacheka, akamgeukia Imani. "Weye unasoma Kifaransa. Uwaambie."

Kulthumu hakuthubutu kumtazama binti.

"Ni mama wa kambo," Imani akasema. "Nilijua tangu mwaka jana, ku masomo." Akajisogeza mpaka bega lake likagusa goti la Kulthumu. "Lakini ni ule wa mu televizyo ndiye iko na mama wa kambo. Miye sina. Mama, tafsiri basi, inatupita."