Mama Hakuwa Kwenye Kipande Kizito

Radi ilipopiga mtaani kwetu Shituru, kompyuta yetu ya mezani ilizimika. Niliingiwa na hofu, na si kwa sababu ya bei yake. Ndani yake mlikuwa na video ya pekee ya mama yetu, aliyefariki mwaka uliopita. Simu iliyomrekodi ilikuwa imeibwa.

Mama alikuwa mnunuzi wa madini, nami nimelelewa katika kazi hiyo. Kwetu jiwe hupimwa kiganjani: zito lina mali, jepesi ni takataka. Basi nikaifungua kompyuta, nikapima kipande baada ya kipande, nikachagua kisanduku cha chuma kilichonilemea mkono. Nikakifunga kwenye kitenge, nikampelekea fundi, binti mwenye kibanda karibu na stesheni, nikamwambia video ya mama imo humo. Vilivyobaki niliviacha mlangoni, mnunuzi wa vyuma chakavu avichukue.

Binti alijizuia kucheka, Mungu ambariki, akaniita yaya, kama mkubwa wake.

"Yaya, hii inaleta kuran tu, umeme. Mama haiko humu. Ile ingine iko wapi?"

Nilikimbia kama mwizi wa kuku. Mnunuzi alikwisha kuvipakia kwenye toroli lake. Alinung'unika, nami sina subira na wanung'unikaji. Nikavibeba vyote kifuani.

Binti akavipanga mezani. Akanionyesha kibati kidogo kinachofikiri, kidogo kuliko biskuti. Akanionyesha vijiti vinavyoshika kazi ya sasa hivi, umeme ukikatika vinasahau yote. Kisha akainua kitu bapa, chepesi kama sabuni iliyokwisha, akasema hiki ndicho kinachotunza, hata bila umeme. Nilikipokea kwa mikono miwili. Miaka yote ile nilikuwa nikipangusa vumbi juu ya maajabu haya, nikidhani ni kabati lenye kioo. Nilitaka kupiga magoti, kweli.

Akanionya kwamba huenda radi imekiunguza nacho. Akakiunganisha na mashine yake. Tukasubiri, nami nikiomba dua zote nizijuazo, hata za majirani.

Jiko letu likatokea kwenye kioo. Mama yuko mbele ya sufuria, ameshika mwiko wa bukari, ugali wetu, ananitazama mimi niliyekuwa nikimrekodi, ananiita nije mezani.

"Weye, acha ile telefone. Kuya kula."

Fundi aliinamisha kichwa. Sauti ilinitoka kabla sijafikiri.

"Niko nakuya, mama."