Picha ya Ba Kwenye Mlango wa Friji

Nilimliza mama mkwe wangu katikati ya duka la friji, siku ya Jumamosi, watu wamejaa, na wakati analia mimi nilikuwa nimesimama mbele yake natabasamu, nangoja anishukuru. Nimeona niseme mwenyewe kabla hamjayasikia kwa wengine, maana hapa Kingsbury habari hii imeshasimuliwa kwa Kigujarati, kwa Kiingereza, na nasikia hata kwa Kisomali, na kila anayeisimulia ananiongezea ujinga, kana kwamba ule wangu haukutosha.

Mimi kwetu Tanga. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaja London kufanya kazi ya kulea wazee, nikaolewa na Kirit, Mhindi wa Kigujarati aliyezaliwa hapa hapa, na tangu mgongo uniharibikie nimekuwa mtu wa ndani kabisa, mtu wa jikoni, nje natoka kwa sababu maalumu kama sukari kwisha. Mama yake Kirit tunaishi naye. Sote tunamwita Ba, ndiyo mama kwa lugha yao. Sasa Ba naye kazaliwa Tanga, baba yake alikuwa na duka la vitambaa kule, na Kiswahili chake ni kile cha zamani ambacho mara nyingine kinanishinda hata mimi mwenyeji. Kirit Kiswahili anakisikia tu, ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo katika nyumba ile nzima mtu ninayeweza kuzungumza naye mpaka nikashika mbavu ni Ba. Asubuhi tunakata bamia pamoja na kuwasengenya majirani, mchana tunagombana kidogo kuhusu chumvi, jioni tumeshapatana. Wanaoniuliza, "Unawezaje kukaa na mama mkwe?" huwa nawaambia mimi niliolewa na mama mkwe, huyo mwanawe alikuja kama nyongeza.

Tatizo letu lilikuwa moja tu. Ba hali nyama, hali samaki, hali yai, na hata kitunguu hali. Tena chakula chake, kabla hajakionja, anakitanguliza mbele ya Mungu wake, pale kwenye kikabati chake cha ibada, na maziwa ya kumpelekea Mungu hayawezi kukaa ubavuni mwa samaki kibua. Na mimi kibua siachi. Nichekeni mtakavyo, nabadilisha treni mpaka Woolwich kukifuata. Basi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nakitia kwenye kopo, kopo kwenye mfuko, mfuko kwenye mfuko mwingine, nakisukumia ndani kabisa ya friza, kule juu, kama mali ya magendo. Na siku ya kukila nilikuwa nangoja Ba aende hekaluni, nakaanga haraka haraka madirisha yote wazi, natoka na sahani yangu bustanini, nakula nimesimama, koti mwilini, kisha nanawa kwa ndimu, narudi ndani na uso wa mtu asiyejua samaki ni mnyama gani. Hata Ba alipopata maumivu ya magoti na kuacha kwenda hekaluni kila siku, nikaendelea vivyo hivyo, yeye chumbani kwake, mimi nje kwenye manyunyu. Niliona hiyo ndiyo heshima.

Majira ya joto friji ikafa. Tuliamka tukaikuta kimya, barafu yote imeyeyuka, na maji ya kibua yamepenya mifuko yangu yote ya ujanja, yamechuruzika kutoka friza mpaka chini kwenye bakuli la mtindi wa Ba, ule mtindi ambao kila siku alikuwa anabakiza kijiko kimoja cha kugandishia wa kesho yake, hivyo hivyo tangu mimi sijaingia katika nyumba ile.

Ba alilibeba bakuli lile mwenyewe. Aliumwaga, akalisugua bakuli, akaenda kuoga upya, akakaa chumbani kwake akala mkate mkavu. (Heri angenitukana. Mtu akikutukana unajua umesimama wapi.) Jioni nikamsikia kwenye simu na mwanawe mwingine, Bharat, anayekaa Leicester. Bharat kila mara alikuwa akimwomba mama yake ahamie kwake, na Ba kila mara alikuwa akimkatalia. Siku ile, kwa Kigujarati ambacho mimi nilijifunzia nyuma ya milango, nikamsikia akisema, "Labda kweli, mwanangu. Labda wakati umefika."

Nilibaki pale kwenye korido na kitambaa cha vyombo mkononi. Nikajiona nakata bamia peke yangu. Nikaiona ile nyumba, Kirit kazini, mimi na redio.

Basi nikaamua kwamba dawa ni friji. Wala si friji ya hivi hivi. Kirit alitaka kama ile iliyokufa, mimi nikamwambia safari hii tunanunua ile kubwa ya milango mingi, ile ambayo watu wenye jikoni za maana wanayo. Nikavaa viatu, nikatoka (oneni lilivyokuwa jambo zito), nikaenda duka la vyombo vya umeme pale barabarani. Mwuzaji alikuwa bwana mtu mzima mwenye tai, mpole, akanitembeza. Kulikuwa na ile inayotema barafu, kulikuwa na ile yenye kioo unachokigonga taa ikawaka ndani, mimi zote hizo nilizipita kama wageni wasionihusu. Nilikuwa napima rafu kwa mikono, sufuria ya dengu itaingia au haitaingia, fungu zima la majani ya methi, ile mboga yake Ba, litakaa wapi, ndoo ya achari itapita? Mpaka tukafika kwenye moja ya milango minne, ya chuma, inang'aa, na yule bwana akaniambia, "Hiki chumba cha chini, upande wa kulia, kina baridi yake na hewa yake mwenyewe. Harufu haiingii wala haitoki."

Nilitaka kumbusu. Milango mitatu yetu, mmoja wa Ba. Kibua hata kikifufuka kikaimba, Ba hatakisikia. Ataondokaje tena?

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na lilikuwa kosa dogo kabisa. Nilitaka iwe mshangao. Kirit akasema, "Si umwambie tu?" Nikamjibu, "Nikimwambia atakataa. Akiona kwa macho atafurahi." Tukapanga Jumamosi yeye amlete Ba kwa basi, maana pale dukani hapana pa kuegesha gari, mimi niwatangulie dukani niupambe mlango wake.

Nilitaka kuandika jina lake pale mlangoni, lakini Ba herufi za Kiingereza hazisomi vizuri, na mimi Kigujarati siandiki. Nikaona picha ndiyo jibu. Nikachukua ile ya harusi ya mpwa wao, Ba anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana, nikaenda kuikuza. Halafu nikakumbuka Kirit aliponunua gari, Ba mwenyewe alilivisha koja la maua ya njano kwa mbele, maana kwao kitu kipya hupokewa kwa maua. Nikapita duka la maua nikanunua koja zuri, nene. Yule bwana mwenye tai akaniazima gundi ya karatasi. Nikaibandika picha katikati ya mlango, nikaizungushia koja, nikarudi nyuma hatua chache, nikatazama, nikajipongeza.

(Ninyi mnaowajua Wahindi mmeshaanza kushika vichwa. Nawaona.)

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa Kantaben, rafiki yake Ba wa hekaluni, amekuja kutafuta birika la umeme. Akaiona picha. Akasimama. Akavuta mtandio akafunika kichwa, akakutanisha viganja mbele ya friji, akafumba macho, midomo inamtetemeka. Kisha akanikumbatia, akanililia begani bila kusema kitu, akatoka nje na simu sikioni. Mimi nikasema moyoni, jamani, hawa watu wanavyompenda Ba!

Kwao, picha ya mtu ikivishwa koja la maua, mtu huyo hayupo tena duniani. Na msije mkanitetea kwamba mimi mgeni, nisingejua. Picha ya baba mkwe wangu marehemu iko kwenye ngazi zetu, imevishwa vile vile, na anayeifuta vumbi kila wiki ni mimi, kwa mkono wangu huu.

Huku nyuma, Kirit yuko ndani ya basi, mama yake ubavuni, simu ikaanza kulia. Wa kwanza akampa pole ya mama, Kirit akadhani ni matapeli, akakata. Wa pili akampa pole, akaanza kulia. Wa tatu akauliza mazishi yatakuwa wapi. Ba akamwuliza, "Kuna nini?"

"Wanasema umekufa, Ba."

"Nimekufa wapi?"

"Kwenye duka la friji."

Ba akafikiri kidogo, akasema, "Basi tushuke, tukaone."

Walipoingia, Kantaben alikuwa amesharudi na wanawake wengine wa hekaluni, vichwa vimefunikwa, na yule bwana mwenye tai, ambaye mtu alikuwa amemnong'oneza, amezima muziki wa duka na kusimama mikono mbele kama yuko msibani. Kantaben alipomwona Ba alipiga ukelele akaikumbatia mashine ya kufulia. Wateja wote wakageuka. Na mimi? Mimi nikaona kumbe shughuli imependeza, mpaka watu wamekuja kushuhudia! Nikaushika ule mlango kwa mikono miwili, nikaufungua wote, nikasema kwa sauti, "Ba, huu wako! Wako peke yako! Humu hachanganyiki mtu!"

Ba akatazama picha yake. Akatazama maua. Akatazama ndani, kweupe, kutupu, kunatoka baridi. Machozi yakaanza kumshuka, na mimi bado natabasamu.

"Umenitenga, Esta," akasema.

"Hapana, Ba, ni heshima, ni ili samaki..."

"Kwetu ndugu wakishindwana hawaanzi kugawana nyumba. Wanaanza kugawana jiko. Hiki chungu chako, hiki changu. Jiko likishakuwa mawili, hakuna familia tena, kilichobaki ni watu wanaopishana ngazini. Wewe umenikatia jiko langu mbele ya watu, na juu yake umeniweka marehemu."

Likanitoka neno ambalo sikupanga kulisema. "Si wewe unahamia Leicester? Nilikusikia kwenye simu na Bharat. Nikajua ni kwa sababu ya kibua changu." Na mimi nikaanza kulia, kilio kibaya, cha kamasi.

Ba akanitazama sana.

"Kibua?" akasema. "Nani kasema kibua? Mimi nimekulia Tanga, harufu ya samaki wewe utanifundisha? Dirisha langu linatazama bustanini, Esta. Nakuona. Unakula umesimama, kwenye mvua, sahani mkononi, kama mtu aliyefukuzwa kwa watu. Kila nikikuona najiuliza, mtoto huyu kafukuzwa na nani ndani ya nyumba yake? Najijibu, ni mimi. Ndiyo nikasema niende kwa Bharat, ili ukae mezani ule kama binadamu."

Miaka yote nilijiona nina adabu kuliko wakwe wote wa Kingsbury, kumbe nilikuwa namfukuza kwa adabu hiyo hiyo.

Simu ya Kirit ikalia. Alikuwa Bharat kutoka Leicester, habari imemfikia, analia mpaka tuliosimama mbali tunamsikia. Ba akaichukua simu.

"Bharat, nyamaza. Sijafa. Niko dukani, tunanunua friji."

Bharat akasema maneno mengi. Nilisikia jina langu. Nilisikia "leo hii nakuja kukuchukua." Ba alikuwa ananiangalia mimi wakati wote huo, na mimi naangalia viatu vyangu, maana sikuwa na haki ya kuangalia kitu kingine.

"Nitakuja Diwali," akasema. "Kutembea. Kutembea tu, Bharat. Kwangu ni hapa."

Akamrudishia Kirit simu, akaibandua ile picha mwenyewe, taratibu isichanike, akamgeukia Kantaben aliyekuwa bado ameng'ang'ania mashine ya kufulia. "Na wewe, Kanta, maadamu umeshanililia, njoo unisaidie kuchagua."

Ile ya chumba chenye hewa yake Ba aliikataa. Tulinunua nyingine, ya milango miwili mipana inayofungua chumba kimoja, akifungua yeye anaona vyangu, nikifungua mimi naona vyake. Maziwa yake yako juu, kibua kiko chini kwenye droo yenye mfuniko, ndani ya kopo moja tu. Siku ya samaki nakaa mezani, yeye upande ule na dengu zake, mimi upande huu, na kila mara ananiambia, "Inanuka vibaya sana hiyo," nami nikitaka kuinuka ananiambia, "Keti, nimesema inanuka, sijasema uondoke."

Bharat mpaka leo hanisalimii vizuri, na sina la kumlaumu. Nimeapa sitamfanyia tena mtu mzima mshangao wa aina yoyote. Na sitamgawia mtu mlango, chumba, wala rafu, kabla sijakaa naye nikamwuliza anataka kukaa na nani.