Baa ya Amuge

Ukipita kwenye foleni ya malori ya Malaba asubuhi ukaona miguu ya mwanamke inaning'inia juu ya trela, usidhani kuna mtu anajaribu kuvuka mpaka bila karatasi. Huyo ni Amuge, anashona turubai. Kazi anaifanya kwa mikono na kwa mdomo pia, maana hakuna dereva aliyewahi kurarua turubai lake kwa uzembe akatoka pale bila kuambiwa.

Sindano ya turubai ni nene, na ukiisukuma kwa vidole utachubuka ngozi kabla ya saa nne. Kwa hiyo Amuge huvaa kiganjani mkanda wa ngozi ulioshonewa kibati katikati. Kiganja ndicho kinachosukuma, vidole vinaelekeza tu. Amefanya hivyo tangu alipokuwa msichana, bila hata kufikiri.

Jumapili ni mtu mwingine. Jumapili Amuge ni mpiga gitaa la chuma katika kwaya ya kanisa lao, kwenye barabara ya kwenda Kocholia. Gitaa hilo hulazwa mapajani. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unatelezesha juu yake kipande cha chuma cha mviringo, na sauti inatoka ikivutika na kulia, hata aliyekuja kanisani kusinzia anafumbua macho. Alilinunua kwa mwanamuziki mmoja wa Tororo aliyekuwa ameamua kuacha dunia na mambo yake. Kile kipande cha chuma, mwanamuziki alikiita baa, na Amuge naye akakiita baa. Neno hilo lilikuja kumtia matatani, lakini tusikimbilie huko.

Mwaka jana mkanda wa kufungia mzigo ulikatika ukiwa umekazwa, na chuma cha mwisho wake kikampiga mkono wa kushoto. Pale hospitalini mtaalamu wa viungo alimfanyisha mazoezi ya kufinya mpira kwa muda mrefu, kisha akamweleza ukweli kwa upole: vidole vitakunjuka, lakini gumba halitashika kitu tena. Amuge alimshukuru, akatoka, akajificha nyuma ya ukuta akalia. Hakulilia kazi. Mkono wa kulia ulikuwa mzima na turubai angeshona. Alililia gitaa, na hakuona haya.

Maana baa bila gumba haishikiki. Jumapili ya kwanza aliyorudi kanisani ilimponyoka katikati ya pambio, ikagonga sakafu ya saruji, ikabiringika hadi miguuni pa kasisi. Kasisi, mtu wa watu, aliiokota na kuirudisha akitabasamu, na tabasamu hilo lilimuuma Amuge kuliko ule mkanda.

Baada ya ibada, Josiah, mwalimu wa kwaya, akamkalisha chini. Josiah si mtu mbaya. Shida yake ni kinanda kipya cha umeme ambacho kanisa lilikuwa limenunua, chenye kitufe ambacho ukikibonyeza, kinaigiza gitaa la chuma. Alimwambia Amuge kwamba amewatumikia vya kutosha, sasa apumzike. Amuge alilichukia neno hilo hapohapo. Mtu aliyechoka hupumzika. Yeye hakuwa amechoka. Akamwomba Josiah amwachie wimbo wa sadaka wa Jumapili ya mavuno. Kama mkono ungemshinda siku hiyo, angelifunika gitaa mwenyewe na kiti kingekuwa cha kinanda. Josiah akakubali haraka, kama mtu anayejua hana cha kupoteza.

Sasa kazi ikaanza. Kwanza Amuge alijaribu pini ya pistoni ya gari la Probox, akaifunga kwenye vidole kwa utepe wa mpira. Ilikuwa nyepesi na tupu katikati, na nyuzi zilivuma kama nzi ndani ya chupa. Akaenda kwa Egwang, fundi wa mashine ya kuchonga vyuma nyuma ya stendi ya malori, akamwomba kipande cha kingpini ya lori, ile pini nene ya kuungia trela, chuma kilichokomaa. Egwang alilalamika kwamba chuma hicho kitamlia meno ya mashine. Amuge alimkumbusha ni nani aliyeshona turubai lililomkinga yeye na mashine yake mvua ya masika yote. Egwang akawasha mashine.

Kilitoka kipande kizuri, kizito, urefu wa kidole cha kati. Amuge akakisugua kwa msasa mpaka akajiona pua ndani yake. Kisha akautazama mkanda wake wa ngozi, ule wa kushonea, na hapo akili ikamjia. Alishona mwingine wa mkono wa kushoto, Egwang akachonga mfuo kila mwisho wa chuma, na kamba za ngozi zikapita kwenye mifuo na kukikaza chini ya vidole. Sasa baa haingeanguka hata angepiga makofi.

Haikuanguka, kweli. Lakini haikuimba pia. Iligandamiza nyuzi kwa kishindo, uzi mmoja ukabanwa na mwingine ukaachwa, na sauti ikatoka imekufa. Kwa wiki nyingi Amuge alikaza kamba huku na kulegeza kule, akamtukana Egwang asiye na kosa, akaligombeza gitaa. Majirani walianza kufunga madirisha.

Katikati ya hayo yote, kwa furaha ya kuona chuma kimeng'aa, aliandika kwenye kundi la WhatsApp la kwaya: "Wapendwa, baa yangu hapa Malaba iko karibu kuisha. Egwang amenisaidia sana. Mniombee ifunguke vizuri siku ya mavuno."

Hakuna aliyeandika amina. Kundi ambalo watu hutumiana amina hata kwa picha ya maua likakaa kimya. Siku iliyofuata Trizah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alifika nyumbani na wenzake wawili, wakakataa chai. Kukataa chai kwa Trizah si jambo dogo. Walizunguka sana: ujane ni mgumu, wanasema, na Malaba ina vishawishi, na madereva ni watu wa kunywa. Amuge alikuwa akiitikia kwa kichwa, anadhani wamekuja kumpa pole ya mkono. Mpaka Trizah akaona aseme.

"Dada, sisi hatutaki kukuhukumu. Lakini mama wa kanisa kufungua baa, tena ifunguliwe siku ya mavuno, hiyo tutawaambia watu nini?"

Amuge alimkodolea macho. Kisha akaingia chumbani, akarudi na ile ngozi mkononi, akaiweka mezani na chuma chake. "Baa ndiyo hii," akasema. "Kaa ndani unywe, kama utatoshea."

Walicheka mpaka mmoja wao akashika ukuta. Chai ikanywewa, na sufuria ya pili ikabandikwa. Trizah, kwa kutaka kufuta aibu, alijivalisha ile ngozi aone inavyofanya kazi. Mkono wake ni mwembamba, ngozi ikampwaya, chuma kikawa kinacheza ndani yake. Akakitua juu ya nyuzi za gitaa lililokuwa pembeni na kukivuta ovyo, asiyejua lolote, na gitaa likalia sauti moja safi.

Amuge alisimama na kikombe mkononi, akaukumbuka mkanda wake wa kushonea. Sindano haijawahi kufungwa kwenye kiganja, hata siku moja. Kiganja kinaisukuma tu, na yenyewe inatafuta njia. Na yeye, mshonaji mzima, alikuwa amekifunga chuma kama mwizi. Walipoondoka alizikata kamba zote, akakishonea chuma mfuko wa ngozi ulio wazi chini, mlegevu, ili uzito wa mkono ukilalishe wenyewe juu ya nyuzi. Ngozi iliyobaki nyuma hakuikata. Ikiburuzika juu ya nyuzi ilinyamazisha ule mvumo wa nyuzi ambao zamani aliuzima kwa kidole cha mwisho. Aliyapiga mapambio yote anayoyajua, kisha akayarudia.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa mihogo, magunia ya wimbi, kuku waliofungwa miguu na mbuzi mmoja asiye na adabu. Wimbo wa sadaka ukafika. Amuge aliweka mkono juu ya nyuzi, na ubeti wa kwanza ukatoka vizuri, watu wakaanza kwenda mbele wakicheza na vikapu vyao. Kwenye ubeti wa pili, pale sauti inapopanda juu kabisa, chuma kilipita mahali pake. Gitaa likapiga yowe la kuudhi. Kwaya ikayumba, waliokuwa wakicheza wakasimama, na Josiah, kwa wema wake wote, akakiwekea mikono kinanda na kubonyeza kile kitufe.

Amuge hakuinua kichwa. Alikuwa na hofu, hofu ya kweli ya mtu ambaye akisimama hatakaa tena pale. Akaurudisha mkono mwanzo wa ubeti.

"Josiah," akasema, na kipaza sauti kikalipeleka neno mpaka kwenye viti vya nyuma, "toa mkono. Nimekosea, sijamaliza."

Kanisa zima lilimtazama Josiah. Naye akatoa mkono.