Jinsi Nilivyomwoza Mpwa Wangu Njiani

Nilitumwa Lilongwe kusema maneno mawili tu. Dada yangu Nyota aliolewa na Mmalawi, akabaki Mtandire, mtaa wa Lilongwe, hata baada ya mume kufariki. Siku moja akanipigia simu: familia ya mchumba wa binti yake Neema ingefika Jumamosi, na msemaji wa nyumba ni mimi. Kwetu Fizi, Kongo, mjomba ana neno. Kwa Wachewa, kabila la marehemu shemeji, ana neno kubwa zaidi, hata cheo wamempa: nkhoswe. Bila yeye hakuna ndoa.

“Useme jambo moja,” dada akaniambia. “Neema amalize kwanza masomo ya ukunga. Imebakia mwaka moja tu. Bale bantu banataka ndoa haraka haraka. We bakatalie na heshima.”

Mimi ni fundi cherehani hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, tena kiongozi wa kwaya. Mtu wa kwaya akipewa maneno mawili, atayafanya hotuba. Wiki nzima nilitunga. Suruali ya mteja niliishonea mfuko upande wa nje kwa ajili ya hotuba ile. Mke wangu aliponiuliza kama nitakula, nilimjibu, “Wazee wetu wapendwa.”

Jumamosi asubuhi nilipanda minibasi hapa kambini, nikapata kiti cha dirishani, mahali pazuri pa kutazama nchi. Sikutazama. Ninyi mliobaki nyumbani mtapenda kujua barabara ya Dowa ikoje, nami siku ile ningesafirishwa ndani ya gunia nisingeona tofauti.

Kando yangu alikaa mama mzee mwenye kitenge cha manjano. Alinisalimia, nikaitika. Akaanza kuzungumza kwa sauti ya polepole, bila haraka ya kumaliza. Mimi nilikuwa kwenye sehemu ya hotuba inayohusu elimu, nayo ilikataa kukaa vizuri. Basi nikafanya kile tunachokiita adabu: kila alipopumzika nilisema, “Eh, koko.” Koko ni bibi, kwa lugha yetu. Akinyamaza kidogo zaidi nilimwongezea, “Iko sawa, koko.” Kuna mahali alinishika mkono, akanitazama usoni na kuniuliza jambo. Nikaona hapa panahitaji jibu lenye nguvu.

“Koko, hakuna shida hata kidogo!”

Alifurahi sana. Alifungua kifurushi chake akanipa mandasi, andazi la Kimalawi. Nililila lote, na hadi leo siwezi kuwaambia kama lilikuwa na sukari.

Tulipofika Lilongwe aliniambia neno jingine tena. Nikasema “eh”, nikashuka na kumwacha hapo.

Soko la Tsoka lilikuwa limejaa. Niliingia kumnunulia dada kitenge. Nikasimama katikati ya njia nikijaribu sentensi moja kwa sauti, kusikia kama ina uzito: “Wazee wetu, msichana si maharage!” Kumbe nilikuwa mbele ya mama muuza maharage. “Nyemba, bambo?” akauliza, na tayari alikuwa anapima. Sikuwa na nafasi kichwani ya kubishana. Nikasema zikomo, asante ya Malawi, nikaondoka Tsoka na mfuko wa maharage, na kitenge nikakisahau kabisa.

Kutoka hapo kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ikanifikisha Mtandire. Uani kwa dada wageni walikwisha kukaa, wazee kwenye viti vya plastiki vya kuazima, wengine mikekani. Katikati yao kilikaa kitenge cha manjano.

“Njo uyu!” mama mzee akapiga vigelegele, akininyooshea kidole. “Njo uyu nilibaambia!”

Kumbe aliitwa Koko Sikujua, naye ni bibi wa Heri, mchumba mwenyewe. Heri anauza nguo za mitumba pale Tsoka. Baba yake mdogo, Mzee Wilondja, akasimama kwa heshima.

“Tunashukuru,” akasema. “Kazi ya leo imekuwa nyepesi. Koko alimujua mujomba kwa sura, anamuonaka mu kwaya, akamuambia yote mu gari, na mujomba akakubali. Batoto bafunge ndoa mbele ya mvua kuanza.”

Dada yangu alinigeukia. Sitaki kuwaelezea macho yale. Neema alikuwa akiwanawisha wageni mikono, na maji yakaendelea kumwagika juu ya mkono wa mtu aliyekwisha kunawa.

Nikasimama. Hotuba yangu ilikuwa na utangulizi, sehemu nne na hitimisho, na hakuna hata sehemu moja iliyoeleza kwa nini nimekubali.

“Mi nilikubali nini?” nikauliza.

“Ulisema hakuna shida hata kidogo,” Koko akajibu. Tabasamu lake lilikuwa limeanza kupungua.

Mzee Wilondja akainama kwake. “Koko, pengine ulisikia mubaya? Gari inapiga kelele, na masikio yako imechoka.”

Hapo nikafunguliwa mlango wa kutokea. Ningenyamaza tu, yote yangeisha: Neema angebaki na masomo yake, mimi na heshima yangu, na aibu ingebebwa na mama mzee. Wote walikuwa tayari kuamini. Koko mwenyewe aligusa sikio lake, kama mtu anayeanza kulitilia mashaka.

“Hapana,” nikasema. “Masikio ya Koko iko mazima. Yangu njo haikukuwa mu gari. Alisema njia yote, na mi sikusikia hata neno moja.”

Mtu akacheka, kisha uani kote. Dada hakucheka. Nikaenda kukaa mkekani, miguuni pa mama mzee.

“Koko, niambie tena. Sasa niko.”

Akaniambia tena. Alimbeba Heri mgongoni kutoka mji wa Baraka, mama yake alipofariki. Sasa miguu inavimba na moyo unachoka akitembea tu hadi kanisani. Anataka kucheza kwenye ndoa ya mjukuu wake wakati miguu ingali inakubali. Hajui kama mwaka ujao itakubali.

Kusikiliza bila kutayarisha jibu ni kazi ngumu kuliko kushona koti. Alipomaliza nikamgeukia Neema, ambaye katika hotuba yangu yote hakuwa amepewa hata mstari.

“We unasema nini?”

Aliweka birika chini. “Koko, Heri namutaka. Masomo nayo naitaka. Lakini kama ni kucheza, tunangoja nini? Heri iko hapa, mi niko hapa, miguu yako iko hapa. Ucheze leo.”

Mtu akageuza beseni na kulipiga. Koko Sikujua akasimama, akashika bega langu, akacheza. Hakucheza muda mrefu. Alipokaa alikuwa anahema na kucheka pamoja.

“Amalize masomo,” akasema. “Mi nikifika, nitacheza tena. Nisipofika, nilishacheza.”

Tukala nsima, ugali wa Malawi, na yale maharage, na dada akaanza kunisemesha upya.

Jioni nilirudi Dzaleka nimekaa kando ya Koko. Tulipokwisha kutoka mjini gurudumu likapasuka, tukashuka wote. Nikatazama, safari hii kwa bidii: mashamba yaliyokwisha kuvunwa, udongo mwekundu, moshi wa jikoni kwa mtu, mbuzi aliyesimama juu ya kichuguu. Nikajisifu kwa jinsi nilivyokuwa natazama. Nikaanza kutafuta maneno ya kuwaelezea ninyi, nikapata sentensi ya kwanza, nikawa natafuta ya pili, wenzangu wakapanda, na gari likaondoka.

Koko ndiye aliyepiga bati la gari mpaka dereva akasimama. Nilikimbia, viatu mkononi.

“Mujomba! Ulikuwa wapi tena?”

“Nilikuwa natunga vile nitabaambia bantu kwamba mtu akae na akili yake pale iko.”

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza kunisimulia habari za Baraka, za mama yake na mashua za samaki, hadithi ndefu yenye kona nyingi. Hiyo siwaandikii. Nilikuwa naisikiliza.