Mama Anasema Nipunguze Chumvi

Nimekana mara nyingi, hasa mbele ya mama, kwamba niliwahi kukanyaga lile kanisa la mji wa Buffalo, huku Marekani, ambako watu hupokea salamu kutoka kwa marehemu wao. Nilikwenda. Mimi na digrii zangu nilikwenda kuwaumbua. Nilivua pete, nikaficha jina, nikakataa hata chai yao, nikakaa nyuma wasipate pa kunisoma.

Bibi mmoja wa Kizungu akaninyooshea kidole. "Mama yako amekuja. Anasema upunguze chumvi."

Nikacheka moyoni. Mama gani hasemi hivyo? Halafu nikakumbuka kwamba pale huja marehemu tu, na mama yangu, kwa habari za asubuhi ile, alikuwa mzima kwake Louisville. Nikatoka mbio, nikampigia. Hapokei. Nikampigia mdogo wangu aliyeko Columbus. Kabla sijamaliza kueleza, akaangua kilio.

Hatimaye simu ikaita. Mama.

"Wewe! Nimetoka kusukwa, nashika simu, mdogo wako analia eti nimekufa. Nani kakwambia?"

"Kanisani, mama."

"Kanisa gani hilo, mwanangu, linalojua msiba wangu kabla yangu?"