Makochi Yaliyorudi Mugutha

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kwamba jirani yetu wa zamani wa Mugutha, hapa Ruiru, yule msusi aliyehamia Ujerumani, amefariki. Alikuwa amekuja nyumbani likizo, akaugua ghafla, akafia hospitalini Thika, dada zake wakiwa kando ya kitanda. Nimelia, sikatai. Lakini kila nikianza kumlilia namkumbuka akiwa mlangoni na sanduku lake, akidai makochi yake, na kicheko kinanishinda. Wasomaji wangu, nivumilieni. Mtu huyu siwezi kumwandikia huzuni tupu.

Safari ya kwanza alikwenda kwa viza ya utalii, kumtembelea binamu yake. "Naenda tu kuona, nitarudi," alituambia, nasi tukacheka. Huku kwetu mtu akienda Ulaya hatembei, amehama. Tulichinja mbuzi kule Kamakis kwenye nyama choma, mchungaji akamwombea, na wiki haikuisha kabla vitu vyake havijagawanywa kama vya marehemu. Kuku walikwenda kwa mama wa maziwa, kabati kwa shangazi yake, na makochi kwa jirani aliyeachiwa ufunguo ili amwagilie sukuma wiki maji.

Kule alipata makao ya wazee yaliyokuwa tayari kumfunza kazi ya kuwatunza. Tatizo ni kwamba mtalii hakuruhusiwa kugeuka mkaazi akiwa huko huko. Ilimbidi arudi Kenya aombe viza nyingine, na hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba ataipata. Binamu alimsihi ajifiche tu kama wengine. Akijificha angepata vibarua, lakini asingethubutu kuja kumwona mama yake tena. Akirudi angeweza kupoteza Ulaya yote. Alipanda ndege, akarudi.

"Haiya! Kwani umerudishwa?" jirani aliuliza, akiwa amekalia kochi lenyewe.

"Hakuna mtu amenirudisha. Nimekuja kutafuta makaratasi ya ukweli. Na hiyo kochi umekalia ni yangu."

"Si ulienda majuu?"

"Nilienda kutembea. Wee, inuka tubebe!"

Tukabeba. Mimi nilishika upande mmoja, majirani wakichungulia kila geti, na kufikia jioni Ruiru ilikuwa na hakika kwamba amefukuzwa. Hakujibu mtu. Alifungua saluni yake, akajiandikisha darasa la Kijerumani Thika, akawa anasuka huku akihesabu mistari kwa Kijerumani. Wateja wakatoka na nywele safi na maneno mawili matatu ya kuringia. Nilimuuliza itakuwaje viza ikikataliwa. "Nitalia siku moja, kesho yake nifungue saluni," alisema. "Siwezi kaa nikiogopa polisi, na mathe ako hapa."

Natamani mngekuwapo siku viza ilipotoka! Alishuka stejini Ruiru akipiga ngemi, vigelegele vya kwetu, wanawake wa sokoni wakampokea kwa ngemi zao kabla hata ya kujua kuna nini, nami mtu mzima nikajikuta nimerusha kofia juu. Safari hii hakutaka mbuzi. Alitupikia chai, akasimama katikati ya sebule, akatangaza: "Naenda kukaa, lakini bado nitarudi. Hakuna mtu anagusa kochi!"

Na kweli alikuwa akirudi. Kila likizo alitua na soga zake, akalala kwake, akasuka nywele za dada zake barazani. Mama yake alipofariki alifika mapema, akamzika kwa mikono yake mwenyewe, kisha akarudi kazini kwa mlango ule ule aliotokea. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, nasi tulimwona kwa macho yetu.

Jana matangani nilimkuta yule jirani amekaa kwenye kochi lile lile. Baadaye aliniambia, "Huyu nilimcheka akirudi. Kijana wangu alienda kutembea vivyo hivyo, akabaki huko amejificha. Mimi nikifa leo, atanizika kwa simu." Nikamshika mkono. Enyi vijana mnaofunga masanduku, nendeni, dunia ni tamu na marehemu aliifaidi. Ila kwanza hakikisheni mnaweza kurudi kukalia makochi yenu.